TAARIFA ZA SAFARI KWA WAKATI WAKE: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI WA MWAMBAO WA KIRANDO



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kila mwananchi hulihitaji kabla hajafunga mzigo wake, nalo ni taarifa za safari: gari limefika wapi, chombo kimeng'oa nanga saa ngapi, njia inapitika au haipitiki, na ziwa limetulia au limechafuka. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku linapokosekana. Siku hiyo mzigo huoza, mgonjwa huchelewa, mtumishi hukosa kikao alichoitiwa, na pengine watu hupoteza maisha kwa kuingia majini saa ambayo hakuna aliyepaswa kuingia.

Kwanza yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani ratiba na taarifa. Ratiba ni ahadi inayotolewa kabla ya safari. Taarifa ni habari ya jinsi ahadi hiyo inavyotimizwa. Ratiba yaweza kubandikwa ukutani ikakaa mwaka mzima bila kuharibika, ilhali taarifa huzeeka kwa saa. Wahenga wamesema ahadi ni deni. Basi taarifa ndiyo inayomweleza mdai kama deni lake litalipwa leo, litachelewa, au halitalipwa kabisa.

HALI YA KIRANDO

Kirando ipo katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita zipatazo 1,470, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Mbele ya mwambao wa Kirando na Kipili vimo visiwa vinavyokaliwa na watu, kama vile Ulwile na Mvuna, ambavyo wakaazi wake hawana njia nyingine ya kutoka isipokuwa kwa mtumbwi au boti. Nyuma ya mwambao umesimama ukuta wa Bonde la Ufa. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga, ulioko katika uwanda wa juu wa Ufipa, unakaribia mita 1,800. Kwa hiyo msafiri wa Kirando anapokwenda makao makuu ya mkoa hupanda kiasi cha mita elfu moja, na katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, maji, tope na mawe huweza kuikata njia hiyo ya mlimani bila ya kutoa notisi.

Safari ya mkaazi wa huku, kwa hiyo, ni mnyororo wenye pingili nyingi. Mtu hutoka kisiwani kwa boti, akafika Kirando, akapanda gari hadi Namanyere, kisha basi hadi Sumbawanga, na pengine akaendelea Tunduma na Mbeya. Pingili moja ikilegea, zote hulegea. Boti likichelewa saa mbili, gari la Namanyere limekwisha kuondoka. Gari hilo likikosekana, basi la Sumbawanga limekosekana pia. Na saa mbili za majini zimezaa siku nzima ya nchi kavu. Katika mji mkubwa anayekosa basi hungoja jingine. Katika mwambao huu anayekosa chombo huweza kungoja hadi kesho au zaidi. Ni dhahiri, basi, kuwa taarifa za safari zina thamani kubwa zaidi mahali ambapo vyombo ni vichache kuliko mahali ambapo vyombo ni vingi.

Uchukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza la mwezi, na asubuhi huanikwa. Akiwa na habari ya hakika kuwa lori halitapanda mlima leo, atawaacha dagaa wake waendelee kukauka, au atawafunika mvua isiwapate. Akiwa hana habari, atawafunga magunia wakiwa hawajakauka sawasawa, atawapeleka barabarani, na atawangojea hapo mpaka waanze kunuka. Uchukuliwe pia mfano wa mama mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda Namanyere au Sumbawanga. Jamaa zake wanapoambiwa kuwa gari "liko njiani", hukaa na kungoja. Laiti wangeambiwa kuwa gari hilo limeharibika tangu asubuhi, wangetafuta jingine mapema, kukiwa bado mchana.

FUNZO LA MELI YA LIEMBA

Wazee wa mwambao huu hawahitaji kuelezwa maana ya kungoja. Kwa miongo mingi chombo kikuu cha ziwa kilikuwa meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya. Tangu hapo ilikuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu nchini Zambia na kurudi, ikipita vituo vya mwambao, na Kirando kikiwa kimojawapo, hadi iliposimama mwaka 2018, ikisubiri matengenezo makubwa.

Katika vituo vingi vya mwambao huo hapakuwa na gati. Meli ilitia nanga majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikaifuata kwa makasia na injini ikiwa imebeba abiria, magunia ya dagaa, kuku na vitanda. Honi hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa ya safari kwa wakati wake. Ilikuwa ya kweli, kwa sababu haikupigwa mpaka meli imefika. Ilimfikia kila mtu, tajiri na maskini, anayejua kusoma na asiyejua. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu, lakini mkubwa: ilikuja mwishoni. Haikuweza kumwambia mtu aliyelala ufukweni usiku wa kwanza kuwa meli ingali Kigoma ikipakia shehena. Katika miaka yake ya mwisho meli ilikuwa ikipita mara moja kila baada ya wiki mbili, hivyo aliyechoka kungoja akarudi shambani, kisha meli ikapita nyuma yake, alikuwa amepoteza nusu ya mwezi.

Funzo lililo katika habari hii ni kwamba habari za meli zilikuwapo. Nahodha alijua alipo, na bandari ya Kigoma ilijua saa aliyoondoka. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikisha habari hizo kwa mtu aliyeketi juu ya gunia lake ufukweni. Tatizo hilo halikuwa la chombo bali la mawasiliano, na lingali lipo kwa kila boti na kila gari la leo.

WENGINE WALIVYOFANYA

Nchi nyingine zimepita katika njia hii. Katika Ujerumani Magharibi, tangu mwaka 1974, redio za magari ziliweza kutambua matangazo ya hali ya barabara ili dereva ayasikie angali njiani. Mwaka 1992 mji wa London ulianza kujaribu vibao vya umeme katika vituo vya basi la njia namba 18, vikimwonyesha abiria dakika zilizobaki kabla basi halijafika. Basi halikuongezewa mwendo, wala barabara haikupanuliwa. Kilichobadilika ni kuwa anayengoja alijua anangoja muda gani, akaweza kuamua mwenyewe kama atangoja au atakwenda kwa miguu. Mwaka 1995 Marekani ilitangaza kuwa mfumo wake wa setelaiti wa kutambua mahali, GPS, umekamilika, na tangu hapo kujua lilipo gari au meli kumekuwa kazi nyepesi.

Jirani zaidi, katika mji wa Nairobi, mwaka 2012 ilianzishwa huduma iitwayo Ma3Route, ambamo madereva na abiria hupashana habari za misongamano na ajali kwa simu zao. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia za matatu zaidi ya 130, njia ambazo hapo awali zilikuwa vichwani mwa makondakta tu. Hapa Tanzania, mabasi ya masafa marefu yamefungiwa vifaa vya kufuatilia mwenendo wake, kazi iliyoanza wakati wa SUMATRA na ambayo tangu mwaka 2019 iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Kwa vifaa hivyo basi huonekana lilipo na kasi yake hujulikana, na dereva hutambuliwa kwa kitufe chake.

Katika mifano yote hii lipo jambo moja la kuzingatiwa. Kifaa hujua lilipo gari, lakini kujua kwa kifaa si kujua kwa abiria. Basi laweza kuonekana katika kioo cha kompyuta ofisini, na abiria wake akawa amesimama gizani kituoni bila ya kujua lolote. Huduma huwa imekamilika pale tu anayengoja anapoambiwa.

TAARIFA NA USALAMA

Hadi hapa imezungumzwa hasara ya muda na mali. Ipo hasara nyingine isiyolipika. Wakaazi wa visiwa vya Unguja na Pemba hawajasahau usiku wa tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander I ikielekea Pemba ikiwa na watu wengi kupita kiasi, wala tarehe 18 Julai, 2012, ilipopinduka MV Skagit karibu na Chumbe katika upepo mkali. Wakaazi wa Kanda ya Ziwa hawajasahau tarehe 21 Mei, 1996, ilipozama MV Bukoba karibu na Mwanza na kuchukua roho za mamia ya watu.

Ziwa Tanganyika nalo lina miezi yake ya hatari. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa na kuinua mawimbi ambayo mtumbwi uliopakia hauyawezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri kwa watumiaji wa bahari na maziwa makuu, na hutoa tahadhari pale upepo unapotazamiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Tahadhari hiyo ni taarifa ya safari kama ilivyo habari ya basi, tena ni iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa inamwambia mtu asisafiri. Lakini tahadhari iliyosomwa redioni saa mbili usiku haina faida kwa nahodha aliyekuwa akipakia mwaloni saa hiyo, iwapo hapana mtu aliyepewa jukumu la kumfikishia.

Ugumu wenyewe uko hapa. Habari njema hujitangaza zenyewe: chombo kinapokuwa tayari kuondoka, wapiga debe huwa wengi. Habari ya kuchelewa au ya kutosafiri haina mpiga debe. Mwenye gari huchelea kuwa akisema gari limeharibika abiria watamkimbia na kutaka nauli zao. Wakala huchelea kuwa akisema boti haliondoki watu watakwenda kwa mwenzake. Hivyo husemwa "linakuja sasa hivi", na sasa hivi hiyo hudumu hadi magharibi. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Abiria aliyedanganywa mara mbili haamini tena hata siku anapoambiwa kweli, na siku hiyo yaweza kuwa ndiyo siku ya tahadhari ya upepo. Kwa sababu hiyo, taarifa ya kuchelewa au ya kutosafiri haiwezi kuachiwa hisani ya mwenye chombo. Haina budi kuwa wajibu.

MASHARTI YA TAARIFA ILIYO SAHIHI

Ili taarifa ya safari istahili kuitwa taarifa, inapendekezwa itimize masharti matano.

Kwanza, iwe na saa na tarehe ya kutolewa. Tangazo linalosema "njia haipitiki" bila ya kutaja siku ni baya kuliko kukosa tangazo, kwa maana msomaji hawezi kujua kama ni la leo au la wiki iliyopita.

Pili, itaje chanzo chake: ni dereva aliyepita mlimani, ni nahodha, ni ofisi ya hali ya hewa, au ni uvumi wa sokoni. Uvumi usiandikwe.

Tatu, iseme saa ambayo habari nyingine itatolewa. Abiria anayeambiwa "habari zaidi ni saa nane mchana" aweza kwenda kula, kusali au kumnyonyesha mtoto bila ya wasiwasi.

Nne, iwekwe mahali panapofikiwa na wote. Simu za mkononi zimeenea na zina manufaa makubwa, lakini si kila mzee anayo, wala si kila simu ina chaji. Ubao mweusi na chaki mwaloni na kituo cha magari, sauti ya mtangazaji msikitini na kanisani, na matangazo ya redio, vyote vitumike pamoja na simu bila ya kimoja kukifuta kingine.

Tano, ifutwe inapokwisha muda wake. Ubao usiofutwa huwafundisha watu kutousoma.

Masharti haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji chaki, simu moja, daftari, na mtu mmoja katika kila kituo ambaye jina lake linajulikana kuwa ndiye mwenye zamu. Mtu wa Kirando ampigie mwenzake wa Namanyere asubuhi, mchana na jioni. Wa Namanyere ampigie wa Sumbawanga. Na wa mwaloni apashane habari na wa visiwani. Mnyororo wa safari upatiwe mnyororo wa habari ulio sawa nao kwa urefu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Madereva na makondakta wanaombwa kutoa habari ya hali ya njia kila wanapofika kituoni. Inasisitizwa kuwa dereva asitumie simu akiwa anaendesha. Kazi hiyo ni ya kondakta, au ifanyike gari likiwa limesimama. Gari linaloharibika mlimani litolewe habari mara moja katika pande zote mbili, juu na chini, kwa usalama wa magari mengine na kwa faida ya wanaongoja.

Manahodha na wenye maboti waandike idadi ya abiria na saa ya kuondoka kabla ya kung'oa nanga, na nakala ya maandishi hayo ibaki nchi kavu. Chombo kisichofika kwa wakati wake hakiwezi kutafutwa mapema iwapo hapana ajuaye kilipoondoka, wala waliomo hawawezi kuhesabiwa iwapo orodha yao imezama pamoja nao.

Watumishi wa Serikali katika kata na vijiji, kwa kushirikiana na vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mwaloni, wahakikishe kuwa utabiri wa TMA unafika kila siku, unaandikwa kwa Kiswahili chepesi, na unasomwa kwa sauti. Aidha, wanapoitisha vikao au kuwaita wananchi kutoka visiwani, wazingatie hali ya ziwa ya siku hiyo. Si haki kumwandikia mtu barua ya kumtaka afike saa tatu asubuhi ilhali ofisi nyingine imekwisha kumwonya asiingie majini.

Abiria nao wana sehemu yao. Mwenye kuona njia imekatika atoe habari, na ataje alipoiona na saa aliyoiona. Asiyeona asiseme ameona. Abiria anapoelezwa ukweli kuwa chombo kimechelewa, asimtukane aliyemweleza, kwa kuwa anayetukanwa kwa kusema kweli leo atajifunza kunyamaza kesho. Wenye vyombo, kwa upande wao, wakumbuke kuwa abiria wengi huvumilia kuchelewa iwapo wameelezwa sababu na muda wake. Kawia ufike, wamesema wahenga. Lakini anayekawia na ajulikane kuwa anakawia.

Ndugu wananchi, barabara huchukua miaka kujengwa, gati huchukua miaka, na meli huchukua miaka. Taarifa ya kweli yaweza kuanza kutolewa kesho asubuhi, kwa gari lililopo, kwa boti lililopo na kwa njia ilivyo. Haitafupisha mlima wa Ufipa wala haitatuliza mawimbi ya ziwa. Itamwezesha tu mkaazi wa Kirando na wa visiwa vyake kuamua safari yake akiwa na habari mkononi, na kumrudisha nyumbani salama siku ambayo kusafiri hakufai.